Kosa Lililonyamaziwa Hadi Besi Zikajaa

Kuna namna ya kumwonea mtoto ambayo iko ndani ya sheria kabisa. Mwamuzi wa softiboli anaona kosa. Kosa ni la kweli, kitabu kinamuunga mkono, ananyoosha mkono na kulitangaza. Ila kosa lile lile limefanyika mbele ya macho yake tangu mrusho wa kwanza wa mechi na hakusema kitu. Analitangaza sasa, iningi ya mwisho, besi zimejaa, kwa sababu kocha wa upande wa pili amepaza sauti. Mimi nauita huo uonevu, na nauita hivyo hata pale ninapokubali kwamba mrusho wenyewe ulikuwa batili.

Nazungumzia softiboli ya wasichana, ndugu wa besiboli, mchezo ambao hapa Dar es Salaam bado haujazoeleka. Mrushaji anamrushia mpira mpigaji wa timu pinzani aliyesimama homu na gongo; mpigaji akiupiga anakimbia kupitia besi tatu, na akirudi homu ni pointi. Iningi ni zamu ya kila timu kupiga, na besi zimejaa maana yake kila besi ina mkimbiaji. Ukimwambia mtu unaenda kuangalia softiboli, wengi wanadhani ni aina ya rede. Na kwa kweli rede imetusaidia sana. Binti aliyekua akikwepa na kurusha mpira wa soksi uani kwao Manzese au Mbagala anafika kwetu tayari ana jicho na ana mkono. Tatizo lake ni kwamba softiboli haitaki mkono wa rede. Mrushaji wa softiboli anazungusha mkono duara zima kutoka begani na kuuachia mpira chini, usawa wa nyonga, na ili mpira uende kwa kasi lazima asukume kwa mguu. Mkono mabinti wanaumudu ndani ya wiki chache. Mguu ndio unaoleta kesi.

Azania, pale Upanga, upo uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, kila kitu kipo mahali pake. Kwingine tunachezea viwanja vya mpira wa miguu. Tunafika asubuhi na futi kamba, tunapima, tunachora mistari kwa chokaa, tunachimbia kibao cha mrushaji. Kwa mabinti wadogo wa miaka kumi na miwili hivi tunakiweka mita 12.19 kutoka homu, ambazo ni futi 40. Wakikua kinasogea hadi mita 13.11, umbali ule ule wa wanawake wakubwa. Upana wa kibao ni sentimita 61. Nataja vipimo hivi kwa sababu ugomvi wote ninaotaka kuuzungumzia unatokea kwenye kipande hicho kidogo cha ardhi mbele ya kibao.

Sheria ikoje? Mrushaji anaanza akiwa amekanyaga kibao. Anatulia, mikono inakutana, kisha anaondoka. Ana haki ya hatua moja kuelekea kwa mpigaji, na hatua hiyo itue ndani ya upana wa kibao, isiende pembeni. Mpira ukiachiwa, mkono uwe chini ya nyonga, na kifundo kisiwe mbali na mwili kuliko kiwiko. Hayo ni rahisi kuyaona na rahisi kuyafundisha. Mguu wa nyuma, ule unaosukuma kibao, una makosa mawili ambayo wazazi na hata makocha huyachanganya kila siku. La kwanza ni kuruka: miguu yote miwili inakuwa hewani kwa wakati mmoja. La pili ni kutua upya: mguu wa nyuma unaondoka kwenye kibao, unakanyaga ardhi mbele yake, halafu msukumo wa kweli unaanzia hapo ulipokanyaga mara ya pili. Anayetua upya amejisogezea kibao.

Dada zangu mliocheza netiboli mtakuwa mmeshaelewa. Ukidaka mpira na kutua kwa mguu mmoja, unaruhusiwa kupiga hatua kwa mguu mwingine, unaruhusiwa hata kuunyanyua ule uliotulia, lakini mpira uwe umeshatoka mkononi kabla haujagusa chini tena. Ukigusa, umetembea, filimbi inalia. Kanuni ni moja: mguu unaweza kuondoka, usirudi chini ukiwa bado na mpira. Naomba mkumbuke pia jinsi tulivyojifunza kanuni ile. Hakuna aliyetukalisha darasani. Tulipigiwa filimbi darasa la nne, tukapigiwa darasa la tano, dakika ya kwanza na dakika ya mwisho, mpaka miguu ikakubali yenyewe. Sikumbuki msichana hata mmoja aliyelia kwa sababu amepigiwa kutembea. Lilikuwa jambo la kawaida, mpira unakwenda upande wa pili, mnaendelea.

Softiboli haijatupa bahati hiyo.

Kabla sijaendelea, nieleze adhabu, maana hapo ndipo mambo yanapokuwa makubwa. Mwamuzi akiona mrusho batili, ananyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi imefungwa, lakini hasimamishi mchezo papo hapo. Anasubiri tukio liishe. Mpigaji akiupiga mpira na kufika besi ya kwanza salama, na kila mkimbiaji akasogea walau besi moja, kosa linafutika kana kwamba halikutokea. Isipokuwa hivyo, mpigaji anapewa boli, yaani mrusho mbaya unaohesabiwa kwa faida yake. Boli nne zinampeleka besi ya kwanza bure. Kanuni za zamani ziliongeza kwamba kila mkimbiaji naye anasogea besi moja. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kama kuna mkimbiaji besi ya tatu, chini ya kanuni hiyo kila mkono unaonyooshwa ni pointi. Hakuna aliyepiga mpira, hakuna aliyekimbia kwa jasho lake. Mguu wa mtoto umekanyaga vibaya, timu nzima imefungwa.

Nilishuhudia jambo hilo kwenye kiwanja kimoja cha vumbi upande wa Temeke, katika mashindano ya vijana ambayo sitayataja. Walitumia kanuni ile ya zamani. Mwamuzi alikuwa mmoja tu, amesimama nyuma ya mdakaji. Mrushaji wa timu ya kijani alikuwa binti mwembamba wa kidato cha kwanza, na tangu iningi ya kwanza mguu wake wa nyuma ulikuwa ukiondoka kwenye kibao na kukanyaga tena mbele. Nililiona nikiwa nimekaa pembeni, na waliokaa nami wanaoujua mchezo waliliona. Mrushaji wa upande wa pili alifanya vile vile, pengine kwa kuzidi. Kwa iningi sita hakuna mkono ulionyooshwa kwa yeyote kati yao.

Iningi ya saba, kijani wanaongoza kwa pointi mbili, auti mbili zimeshapatikana, yaani wapigaji wawili wameshatolewa na amebaki mmoja, besi zimejaa. Kocha wa timu inayopiga akaanza: "Refa, anaruka huyo! Mwangalie mguu! Anaruka!" Wazazi wakadakia. Unajua jinsi mpira wa miguu ulivyotulea katika mji huu. Hatujui kushindwa bila kuwepo aliyebebwa. "Wanabebwa hao! Refa fungua macho!" Mrusho uliofuata, mkono wa mwamuzi ukanyooka. Pointi moja. Binti alitazama benchi lao. Hakuelewa amefanya nini. Kocha wake, naye amechanganyikiwa, akamwambia, "Rusha tu mwanangu, rusha!" Akarusha vile anavyojua, kwa mguu ule ule, kwa sababu hana mwingine. Mkono ukanyooka tena. Pointi ya pili, wamelingana. Baada ya hapo akaogopa kusukuma kabisa. Alisimama wima akautupa mpira polepole katikati, na mpigaji, ambaye naye ni mtoto na hana kosa lolote, akaupeleka mbali kati ya walinzi wa nje. Mechi ikaisha.

Watu walipotawanyika, yule binti alimfuata mwamuzi mwenyewe, glavu bado mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani mwalimu. Mbona tangu mwanzo hukuniambia?"

Mwamuzi akamjibu kwamba sheria ni sheria. Akaokota mkoba wake akaondoka.

Nimelitafakari sana swali lile. Binti hakusema hakukosea, wala hakudai ameonewa. Hakuomba matokeo yabadilishwe. Aliuliza jambo moja ambalo mtu mzima yeyote mwenye haki angepaswa kuwa na jibu lake. Kama ilikuwa batili saa nne asubuhi, ulikuwa wapi? Na kama haikuwa batili saa nne, kwa nini ni batili saa sita?

Sitaki kumfanya mwamuzi yule kuwa mtu mbaya. Najua waamuzi wetu wanavyoishi. Wengi ni walimu wanaojitolea, wanapanda daladala mbili kufika uwanjani, wanasimama juani ndani ya barakoa ya chuma, wakimaliza wanapewa soda na matusi. Na najua kwa nini wengi hunyamaza mwanzoni. Wanasema, hawa ni watoto, tukitangaza kila kosa mechi haitasonga, acha wacheze. Ni huruma ya kweli. Kasoro yake ni kwamba hakuna aliyeambiwa. Mrushaji anadhani anafanya sawa. Kocha wake anadhani amefundisha sawa. Huruma isiyotamkwa inakuwa deni ambalo mtoto hajui kama anadaiwa, na siku linapodaiwa, linadaiwa lote kwa mara moja, mbele za watu, pale ambapo hana pa kujitetea. Mwamuzi anayetaka kulegeza sheria kwa ajili ya umri ana haki ya kulegeza, mradi aseme kabla ya mechi, awaambie makocha wote wawili, na abaki hapo hapo mpaka auti ya mwisho.

Jambo hili halikuanzia Temeke. Mwaka 1988, kwenye ligi kuu za besiboli za Marekani, waamuzi waliagizwa wawe wakali kwa kosa la boki, ambalo kwa sehemu kubwa ni la mrushaji asiyetulia kikamilifu kabla ya kurusha wakati kuna mkimbiaji kwenye besi. Mwaka mmoja kabla, 1987, makosa hayo yaliyotangazwa yalikuwa 356. Mwaka 1988 yakawa 924. Warushaji walikuwa wale wale, mikono ile ile. Dave Stewart wa Oakland peke yake alitangaziwa boki 16 msimu ule. Msimu uliofuata maneno ya sheria yakarekebishwa na makosa yakapungua. Ukisoma takwimu hizo bila kujua habari yake utadhani mwaka 1988 warushaji wa Marekani walipatwa na ugonjwa. Ukweli ni kwamba hesabu ile ilikuwa inawapima waamuzi. Na wale walikuwa watu wazima wanaolipwa, wenye makocha, wenye mikanda ya video, walioonywa mapema kwamba mambo yatabadilika. Bado walilalamika kwa uchungu. Binti wa kidato cha kwanza tunamtaka apokee badiliko lile lile katikati ya iningi.

Mfano wa pili ni wa kriketi, na ndio unaonigusa zaidi. Tarehe 26 Desemba 1995, mjini Melbourne, mwamuzi Darrell Hair alimtangazia Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka mara 7 kwamba anarusha kwa kukunjua kiwiko badala ya kubingirisha mkono ulionyooka kama sheria inavyotaka. Muralitharan alikuwa akicheza mechi za kimataifa tangu 1992. Kiwiko chake kilikuwa na kilema cha kuzaliwa, hakinyooki chote. Uwanja mzima ulimtazama akiambiwa kazi ya maisha yake ni batili. Siwezi kusema Hair hakuamini anachokiona, alikiamini. Lakini jibu la mchezo wa kriketi baada ya miaka ya mabishano ndilo lenye mafunzo. Leo mwamuzi mwenye shaka na mkono wa mchezaji huandika taarifa baada ya mechi. Mchezaji anapelekwa maabara, kiwiko kinapimwa, na tangu 2005 kikomo cha kukunjuka kwa kiwiko ni nyuzi 15 kwa kila mtu. Akivuka kikomo anasimamishwa mpaka ajirekebishe. Kwa maneno mengine, wametenganisha swali la "mwili wa mtu huyu unafanyaje kazi" na swali la "nani anashinda mechi ya leo." Muralitharan aliendelea kucheza mechi za tesiti, zile ndefu za kimataifa, hadi 2010 na akamaliza na wiketi 800, yaani wapigaji 800 aliowatoa, nyingi kuliko mtu yeyote.

Hatuna maabara Dar es Salaam kwa ajili ya miguu ya mabinti wa softiboli, wala hatuihitaji. Tuna vumbi. Mwamuzi akitaka kujua mrushaji anafanya nini na asitegemee kelele za kocha, mwisho wa iningi atembee hadi kwenye kibao aangalie chini. Mguu unaoburuta unaacha mfereji mmoja unaoanzia kwenye kibao na kuendelea mbele bila kukatika. Mguu unaotua upya unaacha shimo peke yake, limejichimba mbele ya kibao, na mfereji unaanzia hapo. Hilo shimo haliwezi kubishiwa na kocha, na halijali nani anaongoza. Mwite mrushaji na kocha wake, waonyeshe. Mtoto akiona shimo lake mwenyewe anaelewa haraka kuliko akisomewa kifungu.

Na lazima tuseme ukweli kuhusu kinachoweza kuonekana na kisichoweza. Mwamuzi aliye nyuma ya mdakaji macho yake yako kwenye mkono na mpira, maana ndani ya nusu sekunde anatakiwa aamue straiki, yaani mrusho mzuri, au boli. Kutoka mbele kabisa, mguu wa nyuma umefichwa na mwili wa mrushaji. Anayeweza kuona vizuri kama kuna mwanga kati ya kiatu na ardhi ni mwamuzi wa pili, aliyesimama pembeni karibu na besi. Netiboli ina waamuzi wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja, na hata kwenye mashindano ya shule tunahakikisha wapo. Softiboli ya vijana hapa kwetu mara nyingi ina mmoja. Mwamuzi wa peke yake anayetangaza kuruka katika iningi ya saba kwa sababu kocha mwenye hasira amegeuka mwamuzi mwenzake, huyo ameazima macho ya mtu mwenye maslahi. Usichokiona usikitangaze. Ukikiona, ukitangaze hata kama hakuna aliyelalamika.

Sheria yenyewe nayo haijasimama mahali pamoja, na wazazi wajue hilo kabla ya kumwita mtoto wa mwenzao mwizi. Kwa miaka mingi sheria za kimataifa ziliwaruhusu wanaume kuruka miguu yote ikiwa hewani na kuwakataza wanawake kitendo hicho hicho. Sijawahi kusikia sababu iliyoniridhisha. Wasichana walikuwa wanafanya wanachofanya kaka zao na kupigiwa makosa. Miaka ya karibuni mambo yamelegezwa. Vyuo vya Marekani viliruhusu kuruka kuanzia msimu wa 2024, kwa sharti kwamba mrushaji asitue upya na kuanza msukumo mwingine. Kwa hiyo binti anayejifunza kwa kutazama video za wachezaji wa vyuo kwenye simu ya kaka yake, kama wanavyofanya wengi wetu, anaweza kuona kwa macho yake jambo likifanywa kihalali, akaliiga, akaja kuadhibiwa kwa kitabu cha zamani ambacho kocha wake hajawahi kukiona. Kila mashindano yanapaswa kutangaza yanafuata kanuni zipi, kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, wiki mbili kabla. Karatasi moja ya A4 inatosha. Gharama yake hata nauli ya mwendokasi haifiki.

Kuna msomaji ataniambia, dada, basi waachie watoto waruke wapendavyo, mchezo ukue kwanza. Hapana. Na hapa natofautiana na rafiki zangu wengi. Upande wa pili wa uwanja kuna mtoto mwingine ameshika gongo. Mpira unaokwenda kilomita 80 kwa saa huvuka mita 12.19 kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa auone, aamue, azungushe. Mrushaji akijiongezea mita moja kwa kutua upya, amempunguzia mwenzake karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya muda huo. Si jambo dogo kwa mtoto ambaye amepata kofia ya kujikinga ya kuazima. Nimeona mabinti wazuri wakiitwa waoga kwa sababu mpira uliwafikia mapema kuliko haki. Nao wana haki yao, na hawana hata wa kuwapigia kelele kwa sababu wao wenyewe hawajui kwa nini wanachelewa.

Na kunyamaza kunamdhuru hata mrushaji mwenyewe anayeonekana kufaidika. Atafundishwa kusukuma kutoka kwenye shimo miaka mitatu, mwili utazoea, kasi yake yote itategemea hatua ile. Siku atakapokwenda kwenye mashindano yenye waamuzi wawili, au atakapobahatika kuitwa timu ya taifa, ataambiwa aanze upya. Softiboli inarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Sisemi tutakuwepo. Nasema mabinti wa Kijapani waliotwaa dhahabu mwaka 2008 na tena kwenye michezo ya Tokyo iliyochezwa 2021 walikuwa watoto siku moja, na kuna mtu alikuwa akiwatazama miguu yao.

Ninachokitaka si kikubwa, na baadhi yetu tumeshaanza kukifanya katika mechi za kirafiki. Warushaji wa timu zote wanafika mapema na kurusha mbele ya mwamuzi wakati wa kupasha misuli moto. Mwamuzi anaangalia, anazungumza na kocha na mtoto pamoja, kwa utulivu, hakuna matokeo yanayotegemea maneno yake wakati huo. Iningi ya kwanza mrushaji akikosea anaambiwa: hilo ni kosa, leo nimekuonya. Iningi ya pili adhabu inaanza, kwa timu zote mbili, na inaendelea vile vile mpaka mwisho. Kocha akitaka kulalamikia mguu wa mpinzani, aje kati ya iningi, azungumze na mwamuzi kwa sauti ya kawaida. Akipiga kelele kutoka benchi kumvuruga mtoto wa watu wakati anajiandaa kurusha, yeye ndiye aonywe. Mwalimu mzima wa shule anayemzomea binti wa miaka kumi na mitatu ili apate pointi ya bure anajua anachokifanya.

Na adhabu yenyewe, kwa umri huu, ibaki boli kwa mpigaji. Tuachane na kuwasogeza wakimbiaji. Boli inatosha kumfundisha. Pointi inayotembea yenyewe hadi homu inamfundisha kitu kingine kabisa, kwamba mchezo huu una mitego ya watu wazima. Wapo watakaosema tunalainisha. Hao ningependa waje wasimame kwenye kibao, jua la saa sita likiwa utosini na hewa ya Februari haisogei, wajaribu kubadilisha namna mwili wao unavyosukuma wakati watu mia wanawapigia kelele.

Swali gumu linabaki, na sitalikwepa. Vipi yule aliyeonyeshwa shimo lake asubuhi, akaonywa iningi ya kwanza, akaadhibiwa ya pili na ya nne, halafu iningi ya saba, besi zimejaa, timu yake inaongoza kwa pointi moja, akatua upya tena? Mwamuzi anyooshe mkono. Atoe boli, na kama ni ya nne, mkimbiaji aingie na matokeo yawe sare. Binti ataumia, kocha wake atamkumbatia, na Jumatatu mazoezini wataanza na mguu. Mzazi atakayesimama siku hiyo kusema mtoto wake ameonewa, nitamfuata mimi mwenyewe nimkalishe chini.